Muda Usiokodishwa: Michezo Iliyopuuzwa katika Vyumba vya PlayStation vya Butembo na Beni

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha wanafalsafa na wanateolojia kwa karne nyingi, lipo moja ambalo ni nadra kufikishwa kwenye vyumba vya michezo: je, kitu ambacho hakuna anayekitafuta kina thamani, na kama kinayo, binadamu huijuaje? Jawabu la haraka la mfanyabiashara ni kwamba thamani ya kitu ni kile ambacho mnunuzi yuko tayari kukitolea. Katika miji ya Butembo na Beni, iliyoko Kivu ya Kaskazini nchini Kongo na kutenganishwa na barabara ya kilomita zipatazo 54, jawabu hilo lina watetezi wengi wenye hoja, kwa kuwa miji hiyo, hasa Butembo, imejengwa na biashara pale ambapo serikali haikujenga. Makala hii inalipima jawabu hilo kwa jambo dogo, yaani michezo ya PlayStation 2 inayopendwa na ile inayobaki chini ya kasha bila kuguswa, na inashikilia kwamba jambo hilo dogo linafichua kasoro ambayo mizani ya soko haiwezi kujigundulia yenyewe.

PlayStation 2 ni konsoli, yaani kompyuta iliyoundwa mahususi kwa ajili ya michezo, ambayo huunganishwa na televisheni na kuongozwa kwa kifaa cha mkononi chenye vitufe ambacho Wakongo, kwa kufuata Kifaransa, hukiita maneti. Kampuni ya Sony iliitoa Japani tarehe 4 Machi 2000, ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013 baada ya kuuza zaidi ya milioni 150, na michezo iliyotungwa kwa ajili yake inazidi 3,000. Mashine za namna hiyo, zikiwa mpya au mitumba, zilifika Kivu kwa njia ileile iliyoleta vitenge, pikipiki na simu: wafanyabiashara Wanande, ambao pia hujiita Wayira, walizoea kufuata bidhaa hadi Dubai na Guangzhou, kuzipitisha Mombasa na Kampala, kisha kuvuka nazo mpaka pale Kasindi. Diski zenyewe kwa kawaida huwa ni nakala zilizochomwa, jina la mchezo likiandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito, na mashine huwa imetiwa chipu ya kuiwezesha kuzisoma nakala hizo. Mwanaakiolojia asingepata taabu kutambua michezo inayopendwa: diski zake zimekwaruzika na wino wa jina umefutika kwa vidole, ilhali zile ambazo hakuna anayeziomba bado zinang'aa.

Chumba cha michezo ni biashara rahisi kueleza. Kuna televisheni moja au kadhaa, mabenchi, konsoli zilizofungiwa juu ya meza ili zisibebwe, na kijana wa kusimamia anayepokea noti chache za faranga na kuhesabu ama mechi ama dakika. Kinachouzwa pale si mchezo, kwa sababu diski ni za mwenye chumba na zinabaki kuwa zake. Kinachouzwa ni muda, nao hukatwa vipande vidogo ili wanafunzi waliotoka shuleni wamudu kuulipia. Kwa miaka mingi Butembo haikuwa na mtandao wa umeme wa umma, ikategemea jenereta, na hata baada ya kampuni binafsi kuanza kusambaza umeme, kila dakika ya televisheni iliyowashwa imeendelea kuwa na gharama inayohesabika. Hakuna wa kumlaumu katika hilo, kwani mwenye jenereta analipia mafuta.

Lakini muda uliokatwa vipande huchagua michezo kabla mchezaji hajachagua. Mchezo wa mpira kama Pro Evolution Soccer wa kampuni ya Konami, ambao wengi waliujua kwanza kwa jina la Winning Eleven, unaweza kupangwa ili mechi iishe katika dakika 10 au pungufu. Una mshindi na mshindwa. Unachezwa na wawili mbele ya watazamaji. Na mgeni anayeingia dakika ya mwisho anaelewa mara moja nani anaongoza. Hali ni hiyohiyo katika michezo ya mapigano kama Tekken, ambako pambano zima halifiki dakika tano. Mapenzi hayo hayakuwa ya Kivu peke yake, kwani mchezo wa mwisho kutolewa kwa ajili ya PlayStation 2, mwezi Novemba 2013, ulikuwa toleo la Pro Evolution Soccer, na hata baada ya hapo mashabiki katika nchi mbalimbali waliendelea kurekebisha matoleo ya zamani kwa kuingiza majina ya wachezaji wa msimu mpya, wakairefushia maisha mashine ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuiaga.

Hali ni tofauti kabisa kwa mchezo kama Ico, uliotungwa na Fumito Ueda na wenzake na kutolewa mwaka 2001, ambao wahakiki waliusifu sana na wanunuzi wakaupita. Ndani yake mvulana aliyezaliwa na pembe kichwani amefungiwa katika ngome kubwa isiyo na watu, akamkuta msichana ambaye lugha yake haielewi, na kazi yote ya mchezaji ni kumwongoza msichana huyo kwa kumshika mkono, kumsubiri anapochelewa na kurudi kumfuata anapovutwa na vivuli. Hakuna alama zinazohesabiwa, hakuna mshindi, na saa ya kwanza inaweza kupita bila jambo lolote ambalo mtazamaji wa benchi angelishangilia. Tena, mchezo wa namna hiyo unahitaji kadi ya kumbukumbu, yaani kibati kidogo cha kuhifadhi hatua aliyofikia mchezaji, ambacho katika PlayStation 2 kilikuwa na nafasi ya megabaiti 8. Katika chumba cha umma, kadi hiyo huwa ni ya mashine nzima, mtu yeyote anaweza kufuta alichohifadhi mwenzake, na jenereta ikizimika ghafla hatua ambayo haikuhifadhiwa inapotea. Kwa hiyo anayeanza hadithi ndefu kwa muda wa kukodi analipia mwanzo uleule mara nyingi, na baada ya mara mbili au tatu anarudi kwenye mpira, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba amekosea hesabu.

Jambo moja katika Ico linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu linagusa swali la makala hii moja kwa moja. Katika michezo mingi, kuhifadhi hatua hufanywa kwa kubonyeza kitufe katika orodha. Katika Ico, ngome ina viti vya mawe vilivyowekwa hapa na pale, na hatua haiwezi kuhifadhiwa mpaka mvulana aketi juu ya kiti kimojawapo na msichana aje aketi kando yake. Asipomwita, au akimwacha mbali, hakuna kinachohifadhiwa. Kwa maneno mengine, watunzi waliamua kwamba njia iliyokwisha kupitwa itahesabika tu baada ya mapumziko ya watu wawili, uamuzi ambao mtu aliyelelewa na Kitabu cha Kutoka au Kumbukumbu la Torati hawezi kuusoma bila kukumbuka siku ya saba.

Inaweza kupingwa kwamba tatizo si muda bali lugha, kwa kuwa michezo mingi imeandikwa kwa Kiingereza au Kijapani, lugha ambazo mtoto wa Butembo, anayezungumza Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani, hana sababu ya kuzijua. Hoja hiyo ina uzito kwa michezo yenye mazungumzo marefu, mathalani Okami wa mwaka 2006, ambao unasimulia jinsi Amaterasu, mungu wa jua katika simulizi za Kijapani, anavyotembea duniani katika umbo la mbwa mwitu na kuirudishia uhai nchi iliyokauka kwa kuichora upya kwa brashi, akijiongezea nguvu kwa matendo kama kulisha ndege na wanyama. Studio iliyoutunga, iliyoitwa Clover, ilifungwa muda mfupi baada ya mchezo huo kutoka, mauzo yakiwa hafifu licha ya sifa. Hata hivyo hoja ya lugha haiuelezi Ico, ambao maneno yake ni machache na lugha ya msichana imekusudiwa isieleweke na mtu yeyote. Mchezaji wa Beni na mchezaji wa Tokyo wanasimama mbele yake sawasawa.

Hoja ya muda nayo ina mwanya wake, na haifai kuufunika. Katamari Damacy, uliobuniwa na Keita Takahashi na kutolewa mwaka 2004, una mizunguko ya dakika chache tu ambamo mchezaji anaviringisha mpira unaonata na kubeba kila unachokigusa, kuanzia sindano hadi majengo, lakini ufupi wake haukuufanya mfalme wa vyumba vya michezo popote. Inaelekea kwamba mtu aliyelipa hataki tu kitu kifupi, anataka pia kitu ambacho anajua mapema kuwa hakitamtia hasara, na mpira wa miguu anaujua tangu uwanjani. Muda wa kukodi, basi, hufanya mambo mawili: hufupisha kinachowezekana, na hukifanya kisichojulikana kuwa hatari ya fedha. La pili ndilo zito zaidi.

Hapo ndipo inapobidi kutenganisha mambo mawili ambayo mizani ya soko huyachanganya, yaani kukataliwa na kupuuzwa. Kilichokataliwa kimejaribiwa, kikapimwa na kuonekana hakifai, na hukumu hiyo, hata ikiwa kali, ni hukumu. Kilichopuuzwa hakijawahi kusimama mbele ya hakimu. Takwimu za mauzo, kama ilivyo orodha ya diski zinazoombwa zaidi katika chumba cha michezo, haziwezi kueleza tofauti hiyo, kwa sababu katika hali zote mbili namba inayoandikwa ni ileile, sifuri. Mfanyabiashara anayesema kwamba mchezo usioombwa hauna thamani anadai kujua jambo ambalo daftari lake halikuandikwa ili kulijua.

Maandiko yenyewe yanampa mfanyabiashara huyo upinzani mkali. Katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Mungu anapomjibu mteswa kutoka katika dhoruba, mojawapo ya mambo anayomuuliza ni nani anayeinyeshea mvua nchi isiyokaliwa na mtu, ili majani yaote mahali ambapo hakuna atakayeyaona wala kuyalisha mifugo yake. Swali hilo linavunja fikra kwamba wema wa kitu unaanza pale binadamu anapokihitaji. Sura ya kwanza ya Mwanzo nayo inaonyesha viumbe vya bahari na ndege vikihesabiwa kuwa vyema kabla mtu hajakuwapo wa kuvisifu. Kwa mapokeo hayo, thamani isiyotazamwa na mtu si jambo la kushangaza. Dunia imejaa thamani ya aina hiyo.

Ni kweli kwamba mchezo haufanani kabisa na majani ya jangwani. Majani huota yakiwa peke yake, ilhali diski iliyolala kashani bado haijawa mchezo kamili. Mwanafalsafa Mjerumani Hans-Georg Gadamer, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu ukweli na njia ya kuufikia, alieleza kwamba mchezo hupata kuwapo kwake katika kuchezwa, na kwamba anayecheza, akizama kweli, yeye ndiye anayebebwa na mchezo kuliko anavyoubeba. Ikiwa ni hivyo, thamani ya mchezo uliopuuzwa ni halisi lakini inamngoja mtu, na inamngoja mtu wa namna fulani, yule ambaye yuko tayari kubebwa. Mteja anayechungulia saa ya ukutani na kuhesabu dakika alizolipia hawezi kubebwa kirahisi, kwa sababu sehemu ya akili yake inafanya kazi ya mhasibu.

Butembo ina urithi wa kidini unaoiruhusu kulijadili jambo hili kwa undani kuliko miji mingi. Wamisionari Waasumpsioni, shirika la Kikatoliki linalofuata Kanuni ya Mtakatifu Agostino, walifika eneo la Beni na Lubero mwaka 1929, na jimbo lililoitwa kwanza Beni, kisha Butembo-Beni, lilikua mikononi mwao. Agostino mwenyewe, katika kitabu cha kwanza cha Maungamo yake, anakumbuka jinsi alivyochapwa shuleni kwa kupenda mpira kuliko masomo, na anatoa shutuma ambayo haijapoteza makali kwa karne 16: watu wazima waliomchapa walikuwa nao na michezo yao, ila waliipa jina la shughuli. Ni vigumu kuisoma shutuma hiyo bila kuufikiria mji ambao wazazi wake wanasafiri hadi China kushindana kwa bei, kukisia mzigo gani utauzika, kupata na kupoteza, kisha wanarudi na kontena lenye konsoli ndani yake na kumkaripia mtoto anayezicheza. Agostino, lakini, hakuishia kumtetea mtoto. Anakiri kwamba alipenda kushinda hadi kudanganya, na anaona katika tamaa hiyo ya ushindi mbegu ileile itakayozaa ulafi wa watu wazima. Kwake kosa halikuwa kucheza. Kosa lilikuwa kucheza kwa roho ya soko.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliliendeleza suala hilo kwa utulivu zaidi. Katika sehemu ya pili ya kitabu chake cha Summa, swali la 168, anauliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika kucheza, na anajibu kwamba ipo, akiitaja kwa neno la Aristotle, eutrapelia, yaani tabia njema ya mtu anayejua kupumzisha nafsi yake kwa mchezo na maneno ya furaha bila kuvuka mpaka. Anaweka masharti matatu: mchezo usiwe na maneno au matendo machafu au ya kudhuru, usiifanye nafsi ipoteze uzito wake wote, na ulingane na mtu, wakati na mahali. Kisha, jambo ambalo wahubiri wengi hulisahau, anaongeza kwamba mtu asiyecheza kamwe, na anayewachukiza wengine kwa ukavu wake, naye ana kasoro ya kimaadili. Mwislamu wa Beni anaweza kulipata wazo la karibu na hilo kwa mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika sehemu ya kitabu chake cha Ihya inayohusu malezi anashauri kwamba mtoto aliyetoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri, kwani kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo daima kunaua moyo wake.

Sharti la tatu la Thomas, la wakati na mahali, ndilo linaloumiza zaidi huku. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vinavyoizunguka wamekuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki katika mashambulizi yasiyokoma, mengi yakihusishwa na kundi la waasi la ADF, na miongoni mwa siku zilizobaki katika kumbukumbu ya mji ni tarehe 13 Agosti 2016, siku ya mauaji ya Rwangoma. Kabla majeraha hayo hayajapona, Agosti 2018 ukatangazwa mlipuko wa Ebola ulioanzia Mangina, karibu na Beni, ukaingia Butembo na Katwa, na hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Kuuliza mchezo upi umepuuzwa, katika mji unaozika, kunaweza kuonekana kuwa ni utovu wa adabu.

Mwanafalsafa Blaise Pascal, ambaye kitabu chake cha Mawazo kilichapishwa mwaka 1670 baada ya kifo chake, angeliunga mkono shaka hilo. Kwake mchezo, uwindaji na kamari ni mbinu za binadamu za kujisahaulisha kifo; mtu hukimbilia kelele kwa kuwa hawezi kuketi peke yake chumbani na kuitazama hali yake. Hoja ya Pascal ni kali kuliko hoja ya mzazi anayelalamikia masomo, na haiondolewi kwa kusema kwamba vijana wanahitaji burudani, kwani burudani ndiyo hasa anayoishtaki. Lakini shtaka lake halifikii kila mchezo kwa kiwango kimoja. Linazifikia vizuri dakika 10 za kelele zinazofuatwa na dakika 10 nyingine, ambazo kazi yake ni kuujaza muda usiwe na nafasi. Linapwaya mbele ya mchezo wa kumshika mtu mkono na kumsubiri, au wa kuufufua mti mkavu, ambao hausahaulishi kifo bali unaendelea kukizungumzia. Kuna dhihaka kidogo katika hali hii: michezo ambayo Pascal angeisamehe ndiyo iliyobaki chini ya kasha.

Isitoshe, kuna ushahidi kwamba fikra kuhusu mchezo hazikuzaliwa katika raha tupu. Johan Huizinga, Mholanzi aliyeandika Homo Ludens mwaka 1938 akidai kwamba utamaduni wenyewe huchipuka ndani ya mchezo, aliona kwamba mchezo hujiwekea mpaka wa mahali na muda, na ndani ya mpaka huo kanuni hushika kikamilifu kuliko zinavyoshika nje. Aliandika hayo Unazi ukiwa jirani, mwaka 1942 akazuiliwa na Wajerumani, na akafa Februari 1945 bila kuruhusiwa kurudi Leiden. Kwa mtoto wa Beni, ambaye nje ya chumba kanuni haziwalindi hata wanaokwenda mashambani, nafasi ambamo anayevunja kanuni anaonekana na kuitwa kwa jina lake ina maana ambayo mtazamaji wa mbali anaweza kuidharau.

Liko pia swali la usafi wa chombo chenyewe. Konsoli, kama simu na kompyuta, hutumia vipande vya umeme vyenye tantalumu, madini yanayotokana na koltani, na mwaka ule PlayStation 2 ilipotoka, bei ya koltani duniani ilipanda mara kadhaa kufikia mwishoni mwa 2000 kabla ya kuporomoka mwaka 2001. Husemwa mara nyingi kwamba konsoli hiyo ndiyo iliyoleta vita vya koltani, madai yaliyotiwa chumvi, kwa kuwa simu za mkononi, kompyuta na ulanguzi wa soko vilichangia pamoja, na vita vilikuwa vimeanza kabla yake. Lakini uhusiano upo na hauna haja ya kutiwa chumvi ili uume: wanafunzi wa Masisi na Walikale waliacha madaftari na kushika sepetu. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997 na kisha kuhamishiwa Bukavu, aliandika barua ya Noeli ya mwaka 1999 akiwashutumu waliokuwa wakiifilisi nchi, na Februari 2000, wiki chache kabla ya konsoli hiyo kuanza kuuzwa Japani, wakuu wa kundi la waasi la RCD walimzuia Butembo, ambako alikaa hadi Septemba. Alifariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo. Anayecheza leo hakuyatenda hayo, lakini chombo kilichogharimu hivyo hakistahili kutumiwa kwa pupa, na huenda hiyo ni sababu nyingine ya kutafuta ndani yake kilicho bora, hata kama hakiombwi.

Tukirudi kwenye muda wenyewe, mwanafalsafa Josef Pieper, katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu mapumziko na ibada, alikataa kuyaita mapumziko malipo ya kazi au maandalizi ya kazi nyingine, akasema kwamba chanzo chake ni ibada, yaani muda uliotengwa usitumike kwa faida. Rabi Abraham Joshua Heschel, mwaka 1951, aliielezea Sabato kuwa patakatifu palipojengwa katika muda badala ya mahali. Torati yenyewe inamwingiza mtumwa, mgeni na hata ng'ombe katika mapumziko hayo, watu na wanyama ambao hawana fedha ya kuyanunua. Kutokana na hayo inafuata hoja ambayo soko haliwezi kuimeza kwa urahisi: muda usiokodishwa si anasa inayofuata baada ya mambo muhimu, ni sharti la kuweza kujua lipi ni muhimu, kwa kuwa mtu asiye nao atarudia daima alichokwisha kukijua. Wahakiki wa Ulaya na Marekani wanaotunga orodha za michezo bora iliyosahaulika hawana macho makali kuliko kijana wa Butembo. Wana jioni nyingi zaidi ambazo hakuna anayezihesabu. Nao, kwa kejeli ya mambo, wakishautaja mchezo, bei ya diski yake halisi hupanda na mtu wa kawaida haupati tena.

Hayo hayana maana kwamba mpira wa Konami ni wa watu wasiofikiri. Mechi ya wawili mbele ya benchi lenye watu hufundisha kushindwa hadharani na kumpisha mwenzako, mambo ambayo Ico hauwezi kuyafundisha, na inawezekana kabisa kwamba vijana wakipewa muda wa bure wataujaribu mchezo wa ngome, wataukuta mzito, na kurudi kwenye mpira. Hapo mchezo utakuwa umekataliwa, na hakuna wa kulalamika.

Kinachobaki ni ombi kwa wenye vyumba vya michezo, na kwa viongozi wa vijana katika parokia, makanisa ya Kiprotestanti na misikiti ya Butembo na Beni, ambao baadhi yao wana jenereta na ukumbi: watenge alasiri moja kwa wiki ambayo dakika hazihesabiwi, kila kijana awe na nafasi yake katika kadi ya kumbukumbu isiyofutwa na wengine, na iwekwe diski ambayo hakuna aliyeiomba. Lenzi za kusomea diski zinachoka, nakala zilizochomwa zinaharibika, na mashine yenyewe haitengenezwi tena. Wanaokusudia kujaribu waanze mwaka huu.